Picha Moja Ukutani, Mikono Mingi Kwenye Shati

Mgeni rasmi, mkurugenzi wetu mkuu. Meneja wa kiwanda. Wasimamizi na wafanyakazi wenzetu,

UKARIBISHO
Karibu katika chumba cha ushonaji. Tumezima mashine ili utusikie, jambo lisilotokea kila siku. Nimetumwa kusoma kwa sababu nahudhuria masomo ya jioni, lakini hasira iliyomo humu ni yetu sote.

TULIKOTOKA
Hapa shati halina mwenyewe. Huyu hushona kola, yule mikono, wa mwisho vifungo. Fungu la kazi la mmoja likichelewa, jirani alilivuta mezani kwake bila kuombwa. Sisi wenye watoto wachanga tulikwenda kunyonyesha tukijua fundi wa kola, tunayemwita Shangazi, atatushikia kazi. Tukirudi alitutania, "Ameshiba mtoto au mmeshiba umbea?"

MAFANIKIO
Oda hazikuchelewa. Hilo mnalijua, maana mliosifiwa ni nyinyi.

CHANGAMOTO
Kisha ikaja picha ya Mfanyakazi Bora, inayotundikwa ukutani kwa anayemaliza mafungu mengi. Hatukatai mtu kusifiwa. Nani hapendi mwanawe aone sura ya mama ukutani? Lakini mnahesabu fungu la kila mmoja peke yake, basi kila mmoja amekumbatia lake. Mashine ya jirani ikikwama, tunatazama pembeni. Maziwa yanatulowesha blauzi na hatuthubutu kunyanyuka.

Shangazi peke yake hakubadilika. Aliendelea kutushikia, jasho lake likaandikwa kwa majina yetu, yeye akawa wa mwisho. Wiki iliyopita mlimhamishia stoo akakunje maboksi, eti mzembe. Mgeni rasmi, neno hilo limetukaa kooni.

MAOMBI
Shangazi arudi kwenye mashine yake leo, asingojeshwe vikao. Kikundi kipimwe kwa shati lililokamilika, na anayemwinua mwenzake atajwe kwa jina lake. Yote haya yanawezekana, na tunaamini utayaweza.

Mshindi utakayemkabidhi picha leo, dada wa vifungo, ameomba haya yasomwe kabla hujamwita: "Nilipokuwa na homa, Shangazi ndiye aliyenimalizia kazi. Mkinipa picha hiyo peke yangu, nitaigeuza itazame ukuta."

Kiti kilicho wazi hapo kando yako hatukukisahau. Ni chake. Stoo ni mlango wa pili tu. Tutasubiri aitwe, ndipo zawadi zitolewe.

Mwenyezi Mungu akulinde safarini na akuzidishie moyo wa kusikia.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Ushonaji, pamoja na mwenzetu aliyeko stoo.