Taa ya Fundi wa Mitambo

Redio ya basi ilipotangaza kwamba serikali itaifunga mitambo ya umeme wa mafuta na kutumia upepo na maji, mama wa kiti cha mbele yangu alipiga makofi. Jirani yake, dereva wa lori la mafuta, alimgeukia. "Mama, unashangilia njaa yangu?"

"Pole, mwanangu. Mume wangu ni fundi wa mitambo hiyo, na kelele zimemla masikio. Sasa anasoma midomo yangu. Kwetu taa haizimwi mpaka maneno yaishe."

Sisi wengine tulijifanya tunatazama nje.

"Hasikii kabisa?" dereva aliuliza polepole.

"Mjukuu akicheka, anageuka. Hicho kidogo ndicho ninachotaka kimbakie."

"Nami nina watoto, mama. Basi wewe niombe radhi kwa makofi yale."

Basi lilisimama. Mama alijiinua kwa kushika bega la dereva, akamnyooshea kola ya shati. "Pole nimekupa, baba. Radhi siombi."