Kete Moja Isiyokwisha Kuliwa Bredäng

Mgeni rasmi, Bi. Valerie Kiptoo, mwamuzi wa mashindano ya go, ule mchezo wa Kijapani wa kete nyeusi na nyeupe: sisi wachezaji wa mtaa huu wa Bredäng, hapa Uswidi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Mimi ni Mueni, katibu. Risala hii nitaisoma mbiombio, maana Mzee Bethuel na Mzee Zacharie tumewatuma jikoni wachemshe chai, na hawatakiwi kuisikia.

HISTORIA
Mwenzetu Roméo alipewa ubao kazini pamoja na kijitabu cha Kiswidi. Akakisoma nusu, akajitangaza mwalimu. Miezi minne tukapanga kete ndani ya vyumba kama drafti, kumbe hukaa kwenye makutano ya mistari! Wakenya tukazisogeza, Warundi wakazichota na kuzisambaza kama igisoro, bao la kwao. Lo! Kete ya go ikishawekwa haihami; huondolewa tu ikizingirwa ikakosa pa kupumulia.

MAFANIKIO
Sasa tunajua kuwa mshindi ni mwenye eneo kubwa, si mwenye mdomo mkubwa, ingawa Gitonga bado anabisha.

Zaidi ya hayo, wazee wetu wawili wanaongea. Miaka miwili hawakusalimiana, kisa Bethuel kufua mapazia kwenye zamu ya Zacharie katika chumba cha kufulia cha jengo letu. Leo wanakaa meza moja, ile ya dirishani, kila Jumamosi.

CHANGAMOTO
Wanagombania kete moja. Bethuel anakula, Zacharie anakula palepale, Bethuel anarudia. "Nimekula!" "Voilà, nami nimekula!" Hii ni Jumamosi ya kumi na moja.

Dancille alikisoma kijitabu mpaka mwisho, akakuta kanuni iitwayo ko: mwenzako akila kete yako moja, huruhusiwi kumlipiza papo hapo ubao ukarudi ulivyokuwa. Cheza kwanza kwingine. Tukamwambia, dada, funga hicho kijitabu. Kiko kabatini, na ufunguo ninao mimi.

Tunakiri kosa. Lakini kanuni hiyo ikifuatwa mchezo utaisha, mmoja atashindwa, na kwa kiburi chao tunachokijua, hatarudi tena hapa. Hawana mwingine wa kuwagongea mlango. Januari Bethuel alipougua, ni Zacharie aliyempelekea supu, eti anakagua kama mpinzani wake yu hai. Jamani, tulilia.

MAOMBI
Umekuja kukagua kama tunafuata kanuni zote, ndipo utuandikishe kwenye mashindano ya masika. Tunayatamani mno, Gitonga ameshanunua suti. Ila ikibidi kuchagua, mama, tufute sisi orodhani. Wazee wakikuita uamue, na watakuita, inama juu ya ubao, guna kidogo, kisha sema jambo hili ni zito, linahitaji Jumamosi nyingine.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na heshima, na akupe jicho kali la uamuzi kila uendako, isipokuwa kwenye meza ile ya dirishani.

Ni sisi wako watiifu, kiasi,
Wazingiraji wa Bredäng