Mpimeni Akiwa Kazini

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, na wewe kifunguamimba zima hiyo simu, maana sauti yangu si ile ya kuwaita kutoka mwisho wa barabara, na ninalotaka kusema mlisikie wote wawili, asije mmoja kesho akamwambia mwenzake mama hakusema hivyo.

Nyumba hii na vyerehani vyote vimetokana na mfuko wa koti. Msicheke! Nilipoanza kushona makoti ya wauguzi, kila fundi alimpima mtu amesimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti, nikajiuliza, muuguzi gani anafanya kazi hivyo? Mimi nikawaambia wateja, inama kama unamnyanyua mgonjwa, nyoosha mkono kama unatundika dripu, na mimi huyo nyuma na futi yangu, tunazunguka chumba kizima. Waliniita kichaa. Lakini koti langu halikubana kwapani, wala mkasi haukudondoka mtu akiinama, kwa sababu mfuko niliulaza kidogo pale mkono unapoangukia wenyewe.

Mnamkumbuka jirani wa ng'ambo, Bwana Bei Chee? Alikuwa na vioo, taa, na bei iliyonitia wivu hata mimi, na bado wauguzi walimpita wakavuka barabara kuja kwangu. Akanunua koti langu, akalifumua lote, akauiga mfuko, halafu akampima mtu amesimama! Mikasi ikawa inawachoma watu mbavu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Najivunia hilo hadi leo, wala sioni haya kusema.

Sasa wewe, kifunguamimba, unataka tushone saizi tatu tu, tukate vitambaa kwa mkupuo, tujaze maduka. Akili ya biashara unayo, sikunyimi. Lakini siku tukifanana na Bei Chee, mteja atavuka barabara kufuata nini? Na wewe kitindamimba, mkono wako wa kukata ni mkono wangu hasa, ila ulimi wako kwa kaka yako umekuwa mkali mno, na sasa hamsemeshani kabisa. Inaniuma, wanangu. Naogopa mtagawana kiwanda kama watu wanaogawana nguo za marehemu.

Basi nasema hivi: duka ni la kaka, meza ya kukatia na vyerehani ni vya dada, na asiuze mmoja bila mwenzake kukubali. Hizo saizi tatu zishoneni, sikatai, lakini kila moja ipimwe kwa watu walio kazini. Mtu akiwauliza kwa nini mnajisumbua, mwambieni mama alikuwa na kiburi.

Nimechoka… Kitindamimba, ninyanyue kidogo nikae. Polepole. Na wewe, kaka mtu, chukua futi hapo chini ya mto wangu, mpime dada yako mgongo wakati ananinyanyua. Ndiyo, sasa hivi. Unaona haya ya nini, si dada yako? Shika begani… subiri, bado anainama. Unaona mgongo unavyorefuka? Hapo. Msomee kwa sauti, asikie kutoka kwako… Ahaa. Na wewe mjibu kaka yako.

Alhamdulillahi, mmesemeshana. Mungu awape mikono isiyochoka na… na wateja wasumbufu, ndio wanaofundisha kazi. Nimewaridhia wote wawili.

Usiikaze hivyo futi, mwanangu. Mwachie… mwachie nafasi ya kupumua.