Katani Si Muhogo

Ndugu zangu wa kanisa hili, mupige makofi sasa hivi, maana mukingoja nimalize nitakuwa ninalia na hamutasikia kitu! Asante. Minye furaha imenijaa mpaka miguu haitaki kutulia.

Munajua mto uliposhuka toka mlimani na kupita kwangu. Kuta tulizijenga tena, lakini manjanja yote, yale mabati ya paa, yalienda ziwani. Nikabaki, minye mjane, chini ya bashi, turubai tu, na watoto wakatawanyika: mkubwa kwa shangazi yake kule Kiringye, mdogo kwa shemeji yangu huko Katogota. Siku moja nikaenda kumsalimia yule mdogo. Akanipa mkono kama mgeni, kisha akakimbilia kwa mke wa shemeji, akamwita mama. Nawaambia, niliumia! Nikasema lazima nipate paa, watoto wangu warudi.

Ndipo kikundi chetu cha akina mama kikaanza kutengeneza vigae vya sima, yaani saruji, na mchanga, vyenye nyuzi za katani ndani ili visikatike ovyo. Kazi ya nyuzi nikaichukua minye, kifua mbele. Nani angenifundisha kuloweka? Sisi akina mama wa huku muhogo tunautia majini mpaka ulainike, unuke, ganda litoke lenyewe. Basi majani ya katani nikayafanyia vile vile. Yakaoza vizuri sana! Nyuzi zikatoka nyeupe, laini, kila mtu akanisifu.

Siku ya kuezeka, fundi akaweka goti juu ya kigae cha kwanza. Kah! Kikakatika, kipande kikaanguka chini. Cha pili vile vile. Nikavuta uzi uliochomoza pale kilipovunjika, ukakatikia mkononi bila hata nguvu. Fundi akashuka ngazi. "Mama, hii haiko paa, iko kaburi. Minye sipandi tena." Na mvua zilikuwa karibu. Nilikaa juu ya rundo la vigae vile, nikalia bila haya.

Sasa musikilize, hapa ndipo Mungu alipogeuza mambo! Jioni ile upepo wa ziwani ulivuma kwa hasira, bashi yangu ikafura, ikataka kuruka. Kamba ikaikatalia. Nikaikodolea macho ile kamba: katani! Katani ile ile! Aliyeisokota ni mama mkwe wangu. Asubuhi nikamkimbilia.

"Mama, hii kamba uliiloweka siku ngapi?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kuloweka? Weye, katani iko muhogo? Jani unaliparua lingali bichi, unaosha nyuzi, unaanika kwenye kivuli. Ukiziozesha, nguvu itatoka wapi?"

Jamani! Tukaanza upya. Tukaparua mabichi, tukaosha, tukaanika, tukakata nyuzi fupi za urefu wa kidole. Fundi naye akatuambia tuchanganye majivu laini ya maganda ya mpunga kutoka Kiringye, ili sima isile nyuzi haraka. Vigae tukaviacha vikomae polepole chini ya magunia yaliyolowa.

Kisha tukalaza kigae kimoja juu ya matofali mawili, na mzee mmoja wa kwaya, yule mnene, jina silitaji, akapanda. Kikambeba! Akaruka kidogo. Ufa ukatokea, tukashika vichwa. Lakini kigae hakikuanguka. Nyuzi zilikuwa zimeshika pande zote mbili za ufa, na mzee wetu akashuka taratibu kwa miguu yake. Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna ndoa!

Leo paa iko, na watoto wote wawili wamerudi. Mvua ya kwanza iliponyesha, mchana, yule mdogo alikimbia kupanga sufuria chini ili zikinge matone. Tukangoja. Sufuria zikabaki kavu. Akaniangalia, akasema, "Mama, basi tupike."

Ameniita mama. Munasikia?

Asante kwa mama mkwe wangu, aliyenicheka na kunifundisha pamoja. Asante kwa fundi aliyekubali kupanda tena, na kwa wenzangu wa kikundi, ambao hawakunifukuza. Ninalo neno moja tu la kuwaachia: kitu kikikuvunjikia, usiseme upesi kwamba hakifai. Jiulize kwanza ulikitendea nini kabla hakijavunjika.

Basi, tukitoka hapa, mukuje wote kwangu. Sufuria ziko motoni.