Salvina Basili, Aliyejua Nguo Inavyoanguka Mwilini

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Mwika na wa Shirimatunda, wafanyakazi wenza wa marehemu mliopanda kutoka Moshi asubuhi hii, mimi ni Fabian Basili, kaka yake mkubwa, na kwa kuwa baba yetu alitangulia mwaka 1990, ni mimi ninayesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya mdogo wangu, naomba mnivumilie, maana kuna mahali nitasoma polepole.

Salvina alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa hapa Mwika, katika kihamba hiki cha migomba cha ukoo wetu, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa marehemu mzee Basili na mama yetu Kornelia, ambaye mnamwona amekaa pale mbele, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, na kwa kuwa hakuchaguliwa kwenda sekondari, baba alimpeleka chuo cha ushonaji cha masista, akamaliza Novemba 1983 akiwa wa kwanza katika somo la kukata. Mama husema kwamba hata kabla ya chuo alikuwa akizitoa kanga kwenye kamba, anazitundika juu ya migomba michanga, anaizunguka kutazama kitambaa kilivyoshuka upande huu na upande ule, anakaripiwa, na kesho yake anarudia.

Januari 1984 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Moshi, akakata sare za shule kwa miaka minane na nusu, hadi Juni 1992, kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi na wafanyakazi wengi wakapunguzwa, naye akiwamo, akaweka cherehani yake barazani kwake mtaa wa Pasua, akawa anashona magauni na suruali kwa vitambaa vilivyokuwa vikiingia kwa wingi siku hizo kupitia mpaka wa Holili.

Kabla ya hapo, tarehe 26 Septemba 1987, alikuwa amefunga ndoa na Bwana Primus, dereva wa lori kati ya Moshi na Holili, wakajaliwa watoto wawili, Zita aliyezaliwa mwaka 1988 na Ronald aliyezaliwa mwaka 1991. Hapa ndipo wazee waliponiomba nipite haraka. Wazee wangu, mnisamehe, sitapita haraka.

Tarehe 3 Mei 1993, saa nane mchana, mteja wa kiume akiwa ametoka tu kupimwa suruali pale barazani, Primus alimrushia mke wake pasi ya mkaa ikiwa na moto ndani, ikampiga bega la kulia, mtulinga ukavunjika, makaa yakamwagika mgongoni, na mfupa ulipounga ulikuwa umeshuka na haukupanda tena. Alirudi kwetu na watoto wake. Baada ya wiki tano Primus alikuja na jani la isale mkononi, mbuzi na pipa la pombe ya mbege, na sisi tuliolelewa mlimani tunajua kwamba mtu akikuletea isale kuomba msamaha humfukuzi, nami nilikuwa ndiye mkubwa wa nyumba hii, nikalipokea. Salvina alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mkono wake umefungwa kifuani kwa kitenge, akaniuliza, "Kaka, umelipokea kwa niaba ya nani?" Nikamjibu, "Kwa niaba yako na watoto, funga mizigo."

Agosti 1998 Primus alimpiga kwa mpini wa jembe, akamvunja mbavu mbili, akaja na isale, nikalipokea. Aprili 2002, kwa sababu chakula kilichelewa, aliushika mkono wa kushoto wa Salvina akauweka chini ya sindano ya cherehani, akakanyaga pedeli mpaka sindano ikakatikia ndani ya mfupa wa kidole, akaja na isale mara ya tatu, nikalipokea, na mbuzi wa siku ile nilimchinja mimi mwenyewe nikala na ini lake.

Kidole kilipokataa kukunjika Salvina hakuweza tena kushona nguo za harusi, ndipo Februari 2003 akaomba kazi katika kiwanda kidogo cha Bwana Elisaria, pale Shirimatunda, kinachoshona nguo za kupeleka Ulaya, akaanza kwa kukagua mishono. Mwaka uliofuata Bwana Elisaria alileta kompyuta mbili zenye programu ambayo unachora vipande vya nguo kwenye kioo, unaviunganisha humo humo, unamvika mtu aliyemo ndani ya kompyuta, na nguo inamwangukia kama inavyomwangukia mtu wa kweli, ili mnunuzi aliye mbali aione kabla haijakatwa hata moja. Lakini nguo hazikuwa zinaanguka. Binti Stella, aliyetoka chuoni na kuijua kompyuta vizuri, alitengeneza sketi ambazo zilisimama kama boksi la karatasi, nyingine zikapenya paja na kutokea upande wa pili, na mnunuzi alizikataa mara tatu mfululizo.

Stella mwenyewe amenisimulia, na yupo hapa, kwamba Salvina alipita nyuma ya kiti chake akiwa na rundo la mashati, akasimama, akasema, "Mwanangu, hicho kitambaa umekiambia kwamba ni turubai." Akachukua kipande halisi cha kile kitambaa, akakiachia kining'inie ukingoni mwa meza, akatazama kilivyopinda, akakipima kwa rula, akakivuta kwa marefu, akakivuta kwa mapana, halafu akawa anamwambia Stella apunguze ugumu, aongeze uzito kidogo, akilegeze kwenye mshazari, apandishe kiuno, asubiri, apunguze tena, hadi saa sita mchana pindo la ile sketi likatulia juu ya magoti ya yule mtu wa kompyuta likiwa na mikunjo sita, na ile ya kweli iliposhonwa ilikuwa na mikunjo sita. Tangu siku hiyo akawekewa kiti chake, akajifunza kushika kipanya akiwa na miaka thelathini na minane, na watu wa Ulaya wakawa wanauliza kwenye barua zao kama nguo fulani imepita kwa Mama Zita.

Sasa nawaomba msikilize. Alhamisi ya tarehe 14 Julai 2005, Stella alifika kazini asubuhi akakuta kwenye kioo mwili wa mwanamke aliyepinda, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto kwa karibu sentimita tatu, mbavu za upande mmoja zimeingia ndani, na juu yake kuna gauni la buluu ambalo lilikuwa limerekebishwa kila mshono mpaka likaanguka limenyooka. Akasema, "Mama Zita, mwili huu umeharibika, niufute?" Salvina akamwambia, "Usiufute. Huyo ni mimi. Natafuta gauni la kwenda nalo kanisani watu wasiulize."

Jumamosi yake Stella alipanda hapa Mwika, alikuwa hajawahi kufika, akauliza nyumba hadi akanikuta nalisha ng'ombe, akanisalimu, "Shikamoo baba," akanipa karatasi mbili zilizochapwa ule mwili, mbele na nyuma, bila nguo yoyote ya kuuficha. Nilimwuliza, "Dada yangu amekuwa hivi tangu lini?" Akainama, akasema, "Anasema bega ni tangu kabla hujapokea isale la kwanza, mbavu ni baadaye." Nilikuwa nimemwona Salvina kila Krismasi kwa miaka kumi na miwili, amejifunga kitenge begani, na sikuwahi kuuliza.

Siku ile ile nilishuka Pasua nikamchukua, yeye na watoto, na Primus alipokuja na isale mara ya nne nililikataa mbele ya wazee, wengine wenu mliondoka mkiwa mmekasirika, mkasema naleta laana, nami sijalijutia hilo moja. Salvina alipanga vyumba viwili Shirimatunda, na miaka miwili na nusu iliyofuata ndiyo niliyomsikia akicheka, alimpeleka Zita chuo cha ualimu, akawafundisha wasichana wanne kazi ile ya kuangusha nguo, na mama alipougua alikuja kila Jumapili kumpikia mtori wa ndizi.

Jumatatu tarehe 11 Februari 2008, saa nne asubuhi, Primus alifika kiwandani akiwa na panga alilolifunga kwa gazeti, mlinzi alimfahamu kama baba Zita akamwachia apite. Alianza na kompyuta, akakipasua kioo, akisema, "Hiki ndicho kilichokuvimbisha kichwa," kisha akamgeukia Stella aliyekuwa karibu zaidi, na Salvina alimsukuma Stella chini ya meza ya kukatia, yeye akapata pigo la kwanza kwenye mkono alioinua na la pili shingoni. Mafundi waliokuwa mezani, wote wanawake, walimtupia Primus jora zima la turubai kutoka juu ya rafu, wakamwangukia, wakamviringisha humo na kumkalia hadi panga likamtoka.

Mimi nilikuwa sokoni nimeshusha ndizi, nikafika dada yangu ameshapelekwa hospitali, damu yake bado iko sakafuni, na nje ya geti watu wameshaleta tairi na petroli, Bwana Elisaria amelifunga geti kwa mgongo wake. Primus aliponiona alianza kuniita shemeji. Niliokota jiwe, sitawaficha, niliokota kubwa, na aliyenishika mkono ni Zita, binti wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa likizo akakimbia kutoka nyumbani kumbeba mama yake hadi kwenye gari, nguo yake imelowa damu, akaniambia, "Mjomba, liweke chini. Akifa leo watu watamwonea huruma. Mimi nataka asimame aulizwe, ajibu." Nililiweka chini kwa sababu alikataa kuniachia mkono. Polisi walimchukua, yuko mahabusu, na mahakama itasema yake.

Salvina alikaa hospitali siku tisa. Siku ya tatu alipata fahamu, akauliza kama Stella ameumia, tukamwambia hapana, halafu akaniambia, "Kaka, siku ya kunizika utasoma wewe. Usiwaambie niliugua." Nikamwambia hatakufa. Akarudia, "Usiwaambie niliugua." Alifariki Jumatano tarehe 20 Februari 2008, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja, ameacha mama, watoto wawili na ndugu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku zote tisa, wafanyakazi wenzake kumi na mmoja waliotoa damu, Bwana Elisaria kwa jeneza na usafiri, majirani wa Shirimatunda waliomlinda Ronald asikae peke yake, na Baba Paroko.

Nimebakiwa na mtu mmoja. Yuko nyuma kabisa, karibu na uzio, ni Mama Doris, jirani yake wa Pasua, naomba usimame watu wakuone. Mwaka 1998 mama huyu alimficha Salvina chumbani kwake wiki mbili, akamlisha uji kwa kijiko, na nilipokwenda kumchukua Salvina nimrudishe kwa mumewe nilimwambia mama huyu aache kuingilia nyumba za watu. Akaniambia, "Baba, mwache hapa, mimi sitaki aondoke." Nilirudi kesho yake na wazee watatu tukamtoa. Mama Doris, ulikuwa ndugu yake kuliko mimi, na nakuomba msamaha mbele ya watu hawa wote, nikiwa sina kitu chochote mkononi.

Salvina, mdogo wangu, pumzika sasa kwa amani, huko uendako hakuna atakayekurudisha.