Harlan Pruett na Bastola Iliyokaa na Risasi Zake

Mimi ni Leota, dada mkubwa wa marehemu. Mchungaji ameniomba nisome kwa upole na nisichelewe. Kuchelewa sitachelewa. Upole tutaona.

Harlan Ansel Pruett alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika shamba la wazazi wetu, nje kidogo ya Chillicothe, Missouri, akiwa kitinda mimba wa Bwana Floyd na Bibi Opal Pruett. Alizaliwa katika chumba ambacho juu ya mlango wake ilitundikwa bastola ya Ansel, babu yake baba yetu. Mzee Ansel alirudi nayo kutoka vitani mwaka 1865, akaitundika ikiwa na risasi zake zote, akasema asiiguse mtu. Na kweli hakuna aliyeigusa. Baba alikuwa akituambia, "Hiyo hailali, inajifanya tu," nasi tukawa tunapita chini yake tumeinamisha vichwa.

Marehemu alisoma shule ya kijiji chetu, kisha akamaliza sekondari mjini Chillicothe mwaka 1964. Hakuwa wa kwanza darasani, tusidanganyane mbele ya jeneza. Alitumikia jeshi kwa miaka miwili, na aliporudi aliajiriwa posta. Kuanzia 1968 hadi alipostaafu mwaka 2001 alipeleka barua mashambani, na huko ndiko ugonjwa wa bastola za kale ulikomwingia. Kila nyumba ilikuwa na dari, na kila dari ilikuwa na kitu cha marehemu fulani kilichofungwa kwenye gunia. Wajane walimwonyesha. Nataka wajukuu zake wasikie hili: hakununua hata moja bila kumweleza mwenye nayo ni kitu gani hasa ameshika.

Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Nadine Kessler katika kanisa hili hili. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alitaka kumfurahisha mkwewe kwenye siku yake ya kuzaliwa. Akachukua bastola moja ya Harlan yenye rangi ya kahawia ya uzee, akaisugua kwa dawa ya kung'arishia vijiko mpaka ikawaka. Sisi wengine tulipiga makofi. Harlan alikula keki yake yote, akafuta mdomo, akasema, "Asante sana, Mama. Haijawahi kung'aa hivi." Kisha akatoka nje akakaa kwenye gari.

Maana watu hudhani bei ya bastola ya kale inatokana na uzee wake. Hilo lilimkera. Alikuwa akisema uzee kila jiwe linao. Alitaka namba ya mtutu ifanane na ya silinda, lile gurudumu la matundu ya risasi, na ya silinda ifanane na ya fremu, hadi kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia mtutu. Alitaka rangi ya bluu ya kiwandani iwe bado ipo, hata kama ni kidogo, na aliyeimiliki ajulikane kwa jina. Zaidi ya yote, alitaka isiwe imesafishwa na mtu mwema.

Bastola ya Mzee Ansel, ya kiwanda cha Colt, muundo wa mwaka 1860, ilikuwa na hayo yote. Hata mchoro wa meli za vita kwenye silinda, ambao kwa bastola nyingi umefutika kwa kushikwashikwa, kwake ulikuwa bado unaonekana. Nayo ilikuwa na kitu ambacho wakusanyaji wanakitafuta kwa tochi: risasi na baruti ya mwanzo vilikuwa bado vimo ndani, na nyuma ya kila tundu ilikuwa imekaa fataki yake, kile kikofia cha shaba ambacho nyundo hukigonga ili baruti iwake. Baba alipofariki, Harlan aliirithi, akaiweka kwenye kabati la vioo sebuleni. Mtutu wake ulielekea kiti cha kahawia karibu na dirisha.

Wifi yangu Nadine hakuwahi kukikalia kiti kile. Mgeni akikikalia, alimwinua, anasingizia upepo. Nimeyasikia maneno yao kwa masikio yangu.

"Harlan, kitoe risasi kitu hicho."

"Mke wangu, baruti ya enzi zile imeshakuwa vumbi."

"Kama ni vumbi, utalia nini likitoka?"

Hapo Harlan akaenda kufuta vioo. Alijua fika kwamba akizitoa, bastola itabaki nzuri kama nzuri nyingine. Wenzake wote wangefanya kama yeye. Ni kosa la watu wa aina yake tu: kuacha kifo ndani ya kabati kwa sababu kiko katika hali yake ya mwanzo.

Mwaka 2009 aliipeleka mnadani, Kansas City. Si kwa shida ya pesa. Alitaka kuona picha yake kwenye jalada la katalogi, na aliiona, na kwa majuma mengi hakukuwa na mtu mjini hapa ambaye hakuonyeshwa jalada hilo, hata daktari wa meno. Chini ya picha waliandika kwamba risasi za mwanzo zimo. Harlan aliwahakikishia wenye mnada kwamba zimekufa, nao wakamwamini kwa kuwa walitaka kumwamini.

Ijumaa tarehe 16 Oktoba ilikuwa siku ya wanunuzi kutazama. Tulikwenda watatu: yeye, mimi na binti yake Janelle. Nadine alikataa kuja. Janelle alisimama nyuma ya meza ameshika ala ya ngozi ya Mzee Ansel, awaonyeshe watu jina lililochorwa. Kuna desturi kwenye meza zile: unaomba ruhusa kabla ya kushika, huzungushi silinda, huvuti nyundo. Akaja mnunuzi mmoja, Cordell, mcheshi wa kupindukia. Akaomba, akapewa.

"Kwa hiyo bibi huyu bado anauma?" akasema, na kidole gumba chake kikavuta nyundo nyuma.

Nyundo ikalia ikijikaza nyuma. Mtutu ulikuwa unatazama tumbo la Janelle.

Jamani, nimezika mume, nimezika wazazi, sijawahi kuhisi baridi ile. Cordell mwenyewe aliona alichofanya. Hakujua jinsi ya kuirudisha nyundo, na mkono ulikuwa unamtoka jasho.

"Baba?" Janelle akaita.

"Usisogee, mwanangu," Harlan akasema. Kisha kwa Cordell, polepole kama anayeongea na farasi mwenye woga: "Inua mtutu juu, kijana. Juu tu. Kidole kiwe mbali na…"

Nyundo ikaanguka. Haikugonga fataki. Ilikuta nyama ya mkono wa Harlan, hapo kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa sababu alikuwa ameshautumbukiza. Alimnyang'anya Cordell bastola, akaigeuzia ukutani, na damu ikatiririka juu ya zile meli.

Mwenye mnada alikuja mbio. "Bwana Pruett, pole sana. Tuifute sasa hivi, damu inakula chuma."

"Niitie fundi. Azitoe zote."

"Bwana Pruett, subiri kesho ipite. Mnunuzi wetu mkubwa anakuja kwa ajili ya risasi hizo. Jalada limeshachapwa! Na si umesema zimekufa?"

Harlan alimwangalia Janelle, ambaye bado alikuwa ameikumbatia ala kifuani. "Azitoe," akasema.

Fundi alibandua fataki moja moja kwa kijiti, akamwaga maji kwenye matundu, akazing'oa risasi. Harlan aliichukua ile fataki yenye damu yake, akatoka nayo hadi ngazi za saruji, akaazima nyundo ya fundi. Mwenye mnada alikuwa bado anamnong'oneza kwamba amejiharibia bure. Harlan akaigonga.

Ilipasuka mpaka watu waliokuwa kwenye maegesho wakalala chini.

Hakuna aliyetaka kujaribu ya pili. Harlan alikaa kwenye ngazi akalia, na Janelle akakaa naye. Kesho yake mnadi alitangaza kwamba bastola haina kitu ndani, mnunuzi mkubwa akafunga katalogi yake, na bei haikufika pale palipotakiwa. Tukarudi nayo nyumbani. Nadine aliuona mkono wenye bandeji, akaiona bastola, akasikiliza habari yote. Hakumwambia "nilikwambia." Alimpikia mayai.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2021. Mwaka huu wa 2024, Januari, alikataa kurudi hospitali, akaomba kitanda chake kiwekwe sebuleni. Asubuhi ya Jumanne tarehe 6 Februari nilimkuta Nadine amekaa kwenye kiti cha kahawia, anafuma sweta, mtutu wa bastola pale kabatini unamtazama.

"Nadine," Harlan akasema, kwa sauti iliyokuwa imebaki. "Umekaa hapo."

"Nimekaa. Una neno?"

"Sina. Kinakupendeza."

Alifariki kabla ya adhuhuri, mkono wake wenye kovu ukiwa mikononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Nadine. Ameacha dada, ambaye ndiye anayewachosha. Ameacha mtoto mmoja, Janelle, yule pale kiti cha mbele, na mkwe, Doyle. Ameacha wajukuu wawili: Tess, aliyezaliwa mwaka 2011, na Emmett, aliyezaliwa mwaka 2014. Simameni, wanangu, watu wawaone. Ihesabuni wenyewe hiyo miaka, kuanzia ule mnada.

Pumzika, mdogo wangu. Nyumbani kuko salama.