Bi Rajni Anatuachia Bustani, Hatimaye

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Bi Rajni anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika kituo chetu cha wazee hapa Sparkbrook, Birmingham, akiwa mtunza bustani na mwalimu wa uchoraji. Neno "anastaafu" naliandika kwa tahadhari. Mwaka huu nimeshampikia pilau ya kumuaga mara mbili, mara mbili tumeila naye, akashiba, na Jumatatu akarudi kazini.

Mimi nimepika Dubai, nikapika Rotterdam, nikalisha harusi ya watu mia nane Leicester bila sufuria hata moja kuungua. Sijaona binadamu msumbufu kama huyu.

Alizaliwa Nakuru, akaletwa Birmingham akiwa msichana. Alipoajiriwa, nyuma ya jengo palikuwa na magugu na magodoro mabovu. Akapageuza bustani, na masharti yake yakaanza: kila msimu uwe na ua lake, na wazee wachore lililochanua siku hiyo, hukohuko nje. Picha za simu marufuku. Kuchuma marufuku. Nilipomshauri aweke maua kwenye jagi tukae ndani kama watu wenye akili, alinijibu: "Wewe mpishi, ua lililokatwa ni maiti. Mimi sifundishi kuchora maiti."

Basi ni viti nje, viti ndani, kila jua likichungulia, na mbebaji ni nani? Januari moja palikuwa na ua moja tu, jeupe, dogo, limeinamisha kichwa. Wazee wote na makoti yao wakalizunguka kama madaktari na mgonjwa mahututi. Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini nenda chumba cha chakula, utazame ukutani: kila mgeni husimama mbele ya picha za siku ile.

Sasa, kwa nini alikuwa haondoki? Aprili alisema anangoja maua ya tulipu yachanue. Agosti, dalia. Mwishowe alinieleza ukweli jikoni, huku akinimalizia chai: alisikia kwamba akitoka tu, bustani itafanywa maegesho ya magari. Hapo mzaha uliniishia.

Mzee Elmi, mwanafunzi wake mkongwe, alipopata habari alibeba kiti, rangi na wenzake wote mpaka ofisini kwa meneja wetu, Mumina. "Binti yangu," akamwambia, "kama ni maegesho, tuegeshe sisi kwanza." Wakakaa humo wakichora hadi saa ya chakula, meza yote maji ya rangi. Wiki iliyopita Mumina, ambaye naye ana moyo, akatangaza: bustani inabaki, na wazee ndio watakaoitunza.

Jana Mzee Elmi akapanda tulipu za mwaka ujao. Kazipanda kwa mistari, akipima nafasi kwa hatua, kama mahindi! Bi Rajni, ambaye hutawanya ardhini mbegu zake zilizo kama vitunguu na kupanda kila moja ilipoangukia, akaja kukagua. Nikaziba masikio kungoja kelele. Akavuta pumzi, akaikagua mistari yote mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Sawa, mzee. Ni yako sasa."

Asante, Bi Rajni, kwa rangi zote ulizotutilia katika mji huu wa mawingu. Kaa kwako Acocks Green uchore utakacho, mwili uwe na afya na siku zako ziwe njema. Ukija kututembelea, karibu sana. Ila mikono ikae mfukoni.